Draisuti ya Kuzamia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Moshi na Arusha

Majibu haya ni kwa mkazi wa Moshi au Arusha anayezamia kwa mtungi, au anayekaribia kuanza, na anafikiria kununua draisuti, yaani suti ya kuzamia isiyoingiza maji. Wanaouliza zaidi ni wanafunzi wanaokwenda kusoma nchi za baridi, waongozaji wa mlima wanaojifunza kuzamia msimu wa mvua wageni wakipungua, na watu wa uokoaji. Bei ni za kukadiria. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi.

Draisuti inatofautianaje na wetisuti?

Wetisuti ni neoprini, yaani mpira wenye vipovu vidogo vya gesi ndani yake. Maji huingia kidogo, hubaki kati ya suti na ngozi, na mwili huyapasha joto. Draisuti haiingizi maji. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono, karibu na viganja, kuna mipira inayobana, zipu yake haipitishi maji, na miguuni ina soksi au buti zilizounganishwa na suti yenyewe. Ndani unavaa nguo za joto. Kinachokukinga na baridi ni hewa iliyonaswa katika nguo hizo.

Hewa hiyo ndiyo faida na ndiyo kazi yenyewe. Ukishuka inasinyaa, suti inakukaba mpaka ngozi inafinywa, kwa hiyo kifuani kuna vali ya kuongeza hewa kutoka mtungini. Ukipanda inatanuka, kwa hiyo kwenye mkono wa kushoto, karibu na bega, kuna vali ya kuitoa. Asiyejua kuzitumia vali hizi mbili hajawa tayari kuingia majini na draisuti, hata awe mzamiaji wa miaka mingi.

Mimi nazamia Zanzibar, Pemba na Mafia tu. Naihitaji?

Hapana. Nasema hivyo nikijua kuna watakaokatishwa tamaa, maana suti yenyewe inavutia. Bahari yetu hushuka hadi nyuzi joto 25 hivi kati ya Julai na Septemba, na hupanda hadi 29 au zaidi kufikia Machi. Kwa maji hayo wetisuti ya milimita 3 inatosha watu wengi.

Lakini anayesema anasikia baridi Mafia hadanganyi. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na mtu mwembamba anayezamia mara tatu kwa siku atatetemeka hata kwenye nyuzi 26. Dawa yake ni milimita 5, au fulana ya neoprini yenye kofia ya kuvaa ndani ya suti. Utatumia sehemu ndogo sana ya bei ya draisuti, na utaogelea kwa wepesi zaidi.

Basi ni nani anayeihitaji kweli?

Anayekwenda kuzamia mahali ambapo maji yako chini ya nyuzi 15 hivi, na hasa chini ya 10: Norway, Scotland, Bahari ya Baltiki, maziwa ya Ujerumani, Canada. Kwenye ufa wa Silfra nchini Iceland maji ni nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima, na waendeshaji wa pale hawakuruhusu kuzamia bila cheti cha draisuti au kumbukumbu za kuzamia ukiwa umeivaa. Cape Town wapo wanaozamia kwa wetisuti nene na wapo wa draisuti, kila mmoja na uvumilivu wake.

Mwanafunzi wa sayansi ya bahari aliyepata nafasi Ulaya kaskazini ataihitaji. Kabla hujanunua, andikia chuo. Klabu nyingi za kuzamia za vyuo vya Uingereza, zilizo chini ya BSAC, chama cha wazamiaji cha huko, zina vifaa vya kuazima au kukodisha kwa wanachama, na kuna idara zenye suti zao. Nimeona familia ikichangishana fedha kununua kitu ambacho kingesubiri mpaka kijana afike.

Na Ziwa Chala je? Maji yake si ya baridi?

Swali hili huja sana kutoka Moshi, kwa sababu Chala iko karibu na maji yake yanaonekana mazuri mno. Ni ziwa la kreta lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya, lina kina cha mita 90 hivi, na limezungukwa na kuta za mwamba. Baridi siyo tatizo lake. Tatizo la kwanza ni mamba: mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba humo. La pili ni mwinuko. Ziwa liko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari, na kuzamia popote juu ya mita 300 kunahitaji hesabu maalumu za mwinuko, tofauti na zile ulizofundishwa Nungwi. La tatu ni kwamba ukiumia chini ya kuta zile, kukutoa ni kazi kubwa. Draisuti haitatui hata moja kati ya hayo. Hesabu ya mwinuko inahusu pia Duluti pale Tengeru.

Kuna aina ngapi, na nichague ipi?

Kwa mtu wa kawaida uchaguzi ni kati ya mbili. Ya kwanza ni ya kitambaa cha tabaka tatu, ambapo katikati kuna mpira mwembamba na nje na ndani kuna nailoni au poliesta. Ni nyepesi, hukauka haraka na kiraka chake si kigumu, lakini yenyewe haina joto lolote, kila kitu kinategemea nguo za ndani. Ya pili ni ya neoprini, ambayo ina joto lake na hukaa vizuri mwilini, ila ni nzito, huchelewa kukauka, na kadiri unavyokwenda chini inabanwa na kupoteza joto. Ipo pia neoprini iliyogandamizwa kiwandani, ngumu na ya kudumu, kwa bei ya juu.

Kwa mtu wa huku naipendekeza ya tabaka tatu bila kusita. Inaingia kwenye begi la ndege bila kumaliza kilo zako, na ikitoboka unaweza kuiziba mwenyewe.

Mipira ya shingoni na mikononi ni ya nini hasa?

Ipo ya lateksi, ya silikoni na ya neoprini. Lateksi ni rahisi, inavutika vizuri, lakini inachanika na inazeeka hata ikiwa kabatini. Silikoni ni laini zaidi kwa ngozi na inawafaa wenye mzio wa lateksi, ila haigandi kwa gundi, hivyo lazima suti iwe na pete maalumu za kuishikia. Ukiwa na pete hizo unaweza kubadilisha mpira mwenyewe kwa dakika chache, na kwa anayeishi mbali na fundi wa draisuti hilo lina thamani kubwa.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya hupita juu juu. Sisi tunapaka mafuta: Vaseline, mafuta ya nazi, losheni nzito asubuhi na jioni. Mafuta huozesha lateksi. Siku ya kuzamia usipake kitu shingoni wala mikononi, na nawa kwa sabuni kabla ya kuvaa. Dada mwenye rasta au mabutu azifunge juu kabisa. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira wa shingo unafungulia maji njia, na mafuta ya nywele yana madhara yale yale. Bangili, shanga na saa vyote hutoka kwanza.

Mpira mpya wa lateksi mara nyingi hubana kupita kiasi. Hukatwa pete nyembamba moja moja kwa mkasi mkali, unajaribu, unakata tena. Usivumilie shingo inayokaba eti italegea: shinikizo kwenye mishipa mikubwa ya shingo linaweza kushusha mapigo ya moyo na kukuzimisha. Ukisikia kizunguzungu umevaa tu nchi kavu, vua mara moja.

Nitajuaje saizi yangu wakati hakuna duka la kujaribia?

Mpelekee fundi cherehani jedwali la vipimo la mtengenezaji, akupime ukiwa umevaa nguo zote za joto utakazovaa ndani. Wengi hupimwa na fulana tu, na suti ikifika haichuchumaliki. Fundi wetu mzuri anapima vizuri kuliko mtu anayejipima peke yake mbele ya kioo.

Ikishafika, chuchumaa mpaka chini. Jikumbatie. Peleka mkono nyuma ya kichwa kana kwamba unafunga vali ya mtungi. Kama kuna kinachovuta, ni ndogo. Kama kuna kitambaa kingi kinachoning'inia miguuni, ni kubwa, na hiyo ni hatari, kwa sababu hewa ikikimbilia miguuni unaweza kupinduliwa kichwa chini na kuvutwa juu kwa kasi. Saizi sahihi kwenye suti ya bei ya kati ni bora kuliko suti ya kifahari isiyokukaa.

Bei zikoje?

Mpya huanzia karibu dola 1,000 na nyingi ziko kati ya hapo na 3,000, yaani shilingi milioni 2.5 hadi 7.5. Ya kupimwa mwilini mwako huongezwa gharama. Juu ya hapo kuna kofia nene, glavu, bomba la kuunganisha vali na regulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), na pengine mapezi makubwa zaidi, kwa sababu mguu wenye buti hauingii kwenye mapezi ya kawaida. Utahitaji pia risasi zaidi kiunoni, yaani vipande vya uzito vya kukusaidia kuzama, lakini hizo hukodishwa huko huko unakozamia.

Fikiria pia gharama ya kuimiliki. Mpira wa shingo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Zipu ikifa, kuibadilisha mara nyingi hugharimu mamia ya dola na suti lazima isafirishwe hadi kwa fundi wake nje ya nchi.

Nina milioni moja tu. Nifanye nini?

Jifunze kwanza, kodisha, nunua baadaye. Kozi ya draisuti ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, inahitaji uwe na cheti cha msingi cha kuzamia, na ina mazoezi kwenye maji tulivu pamoja na mizamo miwili. SSI na mashirika mengine nayo yana kozi zao. Vituo vya nchi za baridi hukodisha suti pamoja na nguo za ndani, na ukikodisha aina mbili tatu utajua mwili wako unataka nini. Fedha inayobaki, weka.

Kuhusu kuweka: waongozaji na wapagazi wengi tayari wamo kwenye kikoba au SACCOS. Mkopo wa SACCOS kwa kifaa cha kazi naona ni sawa, kama una barua ya kazi au ya chuo mkononi. Mkopo kwa safari moja ya kutalii sikushauri. Na usinunue suti ya kuchangia watu wawili hata kama mmelingana urefu. Shingo na mikono hukatwa kwa mwili wa mtu mmoja.

Je, ya mtumba?

Hapa ndipo wengi wetu tutapata suti, na hakuna aibu. Iliyotumika inaweza kupatikana kwa dola 300 hadi 800. Muulize muuzaji mambo haya kabla hujatuma senti.

Zipu kwanza, kwa picha ya karibu: kama kuna jino lililotoka au sehemu iliyopinda, achana nayo, au hesabu bei ya zipu mpya ndani ya bei ya suti. Kisha lateksi: inayonata au yenye nyufa ndogo ukiivuta imekwisha. Usishawishike na maneno "imekaa tu, haijavaliwa", kwa kuwa lateksi huoza ikiwa imekaa. Kisha magotini na kwenye maungio ya mapajani, ambako suti huchakaa mapema. Mwisho omba video ya suti ikiwa imejazwa hewa, mipira imezibwa, ikipakwa maji ya sabuni. Ni kazi ile ile ya fundi pancha wa pale stendi: penye povu pana tundu. Muuzaji mwaminifu ataifanya kwa nusu saa. Anayekataa amekujibu.

Nikiagiza, mzigo utanigharimu nini kuingia nchini?

Ushuru wa forodha hukokotolewa kwenye thamani ya kitu, kisha VAT ya asilimia 18 huja juu yake. Kiwango cha ushuru hutegemea suti imeainishwa vipi, kwa hiyo muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa, siyo mzigo ukiwa umeshafika KIA. Tunza risiti halisi. Anayepitishia Namanga au Holili naye atangaze mzigo wake.

Nguo za ndani nazo ni ghali?

Kwa wenzetu wa Ulaya ndiyo, dola 150 hadi 400 kwa seti. Kwetu siyo, na hii ni bahati ya kuishi chini ya mlima. Soko la Memorial pale Moshi limejaa mitumba ya baridi, na hali ni nzuri kuliko miji mingi kwa sababu wapagazi na waongozaji wanaitafuta mwaka mzima. Kwa Arusha zungukia Kilombero. Wageni wa Kilimanjaro nao huacha nguo nzuri wakishuka, na nyingine huuzwa.

Tafuta nguo laini ya sufu au ya sintetiki ya kugusa ngozi, juu yake flisi nene. Pamba usiguse: ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza. Angalia isiwe na zipu kubwa wala vifungo vya chuma vinavyoweza kutoboa suti kwa ndani, wala mifuko inayojikunja. Soksi za sufu za mlimani zinafaa kabisa, mradi uongeze saizi ya buti. Muongozaji aliyelala kambi ya Barafu mlimani anajua kuvaa tabaka kwa tabaka, na kwa hilo yuko mbele ya wazamiaji wengi.

Mafunzo yana umuhimu gani, kama tayari nina cheti cha juu?

Mkubwa. Ukiwa na draisuti unashughulikia hewa ya aina mbili, ya suti na ya jaketi la kuelea, na ikikimbilia miguuni una sekunde chache za kujikunja, kujipindua na kuitoa. Vali ya kuingizia ikikwama wazi, lazima mkono uende wenyewe kuchomoa bomba. Haya hayasomwi, yanazoezwa na mwalimu kando yako.

Nikitoka kuzamia, naweza kurudi Arusha siku hiyo hiyo?

Naomba hili lisomwe hata na asiyewahi kuota draisuti. Ukizamia, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukipanda mahali pa juu kabla haijatoka, inaweza kutengeneza mapovu na kukuletea ugonjwa wa mgandamizo: maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Watu wanajua kuhusu ndege. Wanasahau kwamba Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi kati ya 800 na 900. Basi la Tanga linakupandisha mwinuko bila wewe kutoka kwenye kiti.

Mwongozo unaotumiwa na DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unahusu mwinuko wa takriban mita 600 hadi 2,400, na miji yetu yote miwili imo. Baada ya mzamo mmoja usiohitaji kusimama ili kutoa gesi, subiri angalau saa 12. Baada ya mizamo kadhaa au siku kadhaa za kuzamia, angalau saa 18. Kama mzamo wako ulihitaji kusimama njiani kutoa gesi, zaidi sana ya 18. Mimi husema saa 24 kwa kila mtu na hesabu inaisha. Kwa hiyo kuzamia Nungwi Jumapili asubuhi na kupanda ndege ya jioni kwenda KIA ni kosa, na kuzamia Tanga mchana halafu kushika basi la alfajiri ni kosa pia kama ulizamia zaidi ya mara moja.

Mlima ni jambo jingine kabisa. Kibanda cha Mandara kiko mita 2,700 hivi, tayari nje ya mwongozo, na Uhuru ni 5,895. Waongozaji, mgeni akiwaambia anatoka kuzamia Zanzibar jana na kesho anaingia geti la Marangu, mwambieni asubiri. Mpangilio salama ni mlima kwanza, bahari baadaye.

Ikitoboka, nimpe fundi viatu?

Kwa kushona, kamwe. Kila tundu la sindano ni tundu la maji. Tundu dogo huzibwa kwa gundi ya urethani kwa ndani, suti ikiwa safi na kavu, na kuachwa usiku kucha. Nunua bomba la gundi hiyo pamoja na suti. Mipira ya lateksi hugandishwa kwa gundi ya neoprini yenye sehemu mbili, na hiyo nampa fundi aliyewahi kuifanya.

Nitaitunzaje kwenye vumbi letu?

Vumbi ni adui wa zipu. Isugue kwa mswaki laini na maji ya sabuni, ikauke, kisha kwa zipu ya shaba paka nta ya nyuki juu ya meno kwa nje tu. Zipu ya plastiki haitaki nta, inataka grisi yake ya silikoni kidogo pale inapofungia. Suti yenyewe isuuze kwa maji baridi baada ya bahari, ikaushe kivulini, upande wa nje kwanza na kisha upande wa ndani. Lateksi ipake poda isiyo na manukato, maana poda ya mtoto yenye harufu ina mafuta. Usiihifadhi karibu na jenereta, jokofu wala mota yoyote: ozoni inayotoka humo hula lateksi. Zipu ya shaba ihifadhiwe wazi.

Niko kwenye kikosi cha uokoaji. Tofauti yoyote?

Ndiyo, na kwenu baridi siyo hoja ya kwanza. Mnaingia kwenye maji yenye mafuta, maji taka, wakati mwingine miili. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waokoaji waliingia majini kuwatoa watu. Kwa kazi kama hiyo kuna draisuti za mpira uliochomwa kwa salfa, laini kwa nje, ambazo huoshwa na kutakaswa kwa dawa kirahisi, zikiwa na glavu zilizofungwa kwenye suti na barakoa ya uso mzima. Kwenye maji ya joto muda wa kukaa humo uwe mfupi, maana mwokoaji anaweza kuzidiwa na joto kabla hajachoka. Hii inunuliwe na taasisi, siyo mfukoni mwa askari.

Haja ndogo je?

Wanaume wengi hutumia kifaa chenye vali kinachotoa mkojo nje ya suti, na kwa wanawake kipo pia lakini kinahitaji kuzoea. Nepi ya watu wazima inatosha wote, na inapatikana kwenye maduka ya dawa Moshi na Arusha. Usikwepe kunywa maji ili usisikie haja. Mwili uliokauka huongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo.